Makasia Chuoni: Maswali Tunayoulizwa Kila Mwaka wa Masomo Unapoanza

Mwaka wa kwanza wakishasajiliwa na kupata vyumba, simu za viongozi wa timu ya makasia hujaa ujumbe. Maswali ni yale yale: kuogelea, sapu (mitihani ya marudio), malengelenge, na lile la "kwani Dar kuna sehemu ya kufanyia huo mchezo?" Tumeyakusanya hapa ili usome kabla hujaja kujiandikisha. Mengine tumeyajibu kwa urefu kwa sababu yana mengi ndani yake, mengine mistari miwili imetosha.

Huu ni mchezo gani hasa? Ndiyo ile mitumbwi ya Mwanza?

Ni ndugu, ila si mchezo mmoja. Kwenye mashindano ya mitumbwi ya Ziwa Victoria mpigaji hutazama aendako, na kafi lake halijafungwa popote. Kwenye makasia unakaa umeupa mgongo uelekeo wa safari, kasia limeshikwa na kishwara ubavuni mwa boti, na kiti chako kina magurudumu madogo yanayoteleza juu ya reli. Kiti hicho kilianza kutumika kwenye mashindano karne ya 19 na ndicho kilichougeuza mchezo. Bila hicho ungevuta kwa mikono na mgongo peke yake. Kikiwepo, unakunja magoti, unatumbukiza kasia, kisha unaisukuma boti kwa mapaja. Wageni wengi huja wakidhani watarudi nyumbani na mikono mizito, halafu kesho yake wanashindwa kushuka ngazi za hosteli.

Kuna mitindo miwili. Wa kwanza, kila mtu ana makasia mawili, moja kila mkono, kila moja likiwa pungufu kidogo ya mita 3. Wa pili, kila mtu ana kasia moja refu analolishika kwa mikono yote miwili, na wenzake wanapokezana pande. Boti zinaanzia mtu mmoja hadi wanane. Viti huhesabiwa kuanzia omo, yaani mbele ya boti: wa kwanza yuko omo, na wa mwisho, aliye karibu na tezi, yaani nyuma, ndiye anayeweka mwendo ambao wote nyuma ya mgongo wake wanaufuata.

Sijawahi kushika kasia maishani. Nimeshachelewa?

Hapana. Karibu kila aliyepita kwenye timu hii alianzia hapo ulipo, maana shule zetu za sekondari hazina mchezo huu. Na si kwetu tu. Kathleen Noble, Mganda wa kwanza kushindana kwenye makasia ya Olimpiki, alikuwa mwogeleaji, akaanza kupiga makasia alipokwenda kusoma Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Alifuzu na kushindana Tokyo, kwenye michezo ya 2020 iliyofanyika 2021, na akarudi tena Paris 2024. Ukianza soka ukiwa na miaka 20 nafasi ya kufika mbali ni finyu mno. Makasia ni mchezo wa pumzi, miguu na uvumilivu wa kurudia tendo moja mara elfu, na hayo mtu mzima anaweza kuyajenga.

Tunachokitazama kwa mgeni ni vitu vidogo. Anafika kwa wakati? Akisahihishwa anajaribu upya au anaanza kujitetea? Akishamaliza zamu yake anabaki kusaidia kubeba boti za wenzake? Kocha yeyote atakuambia anampenda mtu mrefu mwenye mapafu makubwa, na ni kweli, lakini boti ya watu wanne haitoki ufukweni ikiwa watatu.

Lazima nijue kuogelea?

Lazima. Hili halina mjadala wala upendeleo, hata kama umekulia Kigamboni na unasema bahari ni ya kwenu. Kabla ya kupanda boti utaogelea mita 50 bila kusimama, ukiwa na nguo nyepesi, kisha utaelea dakika kadhaa bila kushika kitu. Watu wengi wa pwani wanajua kucheza kwenye maji yanayofika kifuani, jambo ambalo ni tofauti sana na kuogelea pale ambapo mguu haugusi chini.

Kama hujui, usiondoke. Wanaojifunza kuogelea huendelea na mazoezi ya nchi kavu pamoja na wengine, na huko mashine ya kuigiza upigaji makasia haikuulizi kama unajua kupiga mbizi. Wapo waliotumia muhula mzima wakijifunza kuogelea, na walipoingia botini walikuwa na pumzi kuliko waliowatangulia.

Dar kuna maji ya kufanyia mchezo huu kweli?

Yapo, ila tuelewane kwanza ni maji ya aina gani. Ukitazama mashindano ya Olimpiki kwenye runinga unaona mfereji ulionyooka, maji yametulia, njia zimepangwa kwa maboya, mita 2,000 toka mwanzo hadi mwisho. Boti zake ni nyembamba mno. Ya mtu mmoja ina urefu wa takriban mita 8 na kanuni zinaruhusu uzito wa chini wa kilo 14. Ya watu wanane inapita mita 17 na haipaswi kupungua kilo 96. Ukiiweka boti kama hiyo kwenye bahari yetu saa nane mchana, upepo wa Kusi ukivuma, itajaa maji kabla hujamaliza kufunga viatu.

Kwa miaka mingi hoja hiyo ndiyo iliyowafanya watu waseme makasia hayawezekani Dar. Sisi tunaona walikuwa wanatazama boti isiyo yetu. Yako makasia ya pwani, yenye boti fupi, pana na nzito zaidi: ya mtu mmoja haizidi mita 6 na uzito wake unaanzia kilo 35. Tezi imeachwa wazi ili wimbi likiingia litoke lenyewe. Boti hizo zimetengenezwa kwa ajili ya mawimbi, na mashindano yake ni ya mawimbi.

Sasa hivi yanapata heshima ambayo hayakuwa nayo. Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles 2028 itakuwa na makasia ya ufukweni kwa mara ya kwanza, kule Long Beach: wanaume mmoja mmoja, wanawake mmoja mmoja, na boti ya mwanamume na mwanamke pamoja. Mshindani anakimbia mchangani, anarukia boti, anapiga makasia mita 250 kwenda akizunguka maboya, anageuza, anarudi, anaruka na kukimbia tena hadi kwenye kitufe cha kumalizia. Wawili wanashindana kwa wakati mmoja na aliyeshindwa anatoka. Dakika tatu hivi zinatosha kumaliza kila kitu. Kijana aliyezoea kusukuma ngalawa kwenye maji ya magotini ana cha kuwafundisha wengi hapo.

Kwa hiyo msimamo wa timu ni huu: tunajenga mchezo juu ya bahari tuliyo nayo. Ghuba ya Msasani, yenye rasi upande mmoja na visiwa vya Bongoyo na Mbudya vikivunja nguvu ya mawimbi ya nje, ni uwanja mzuri mno asubuhi. Anayesubiri ziwa tulivu lichimbwe Kinondoni atahitimu kabla hajalowa.

Na mito? Mbona msiende Ruvu au Rufiji kwenye maji tulivu?

Mamba, viboko, na kichocho kwenye maji baridi (yasiyo na chumvi) yaliyosimama. Kichocho hakipo baharini. Tumemaliza.

Kwa nini ratiba inabadilika kila wiki? Na kwa nini alfajiri?

Alfajiri kwa sababu ya upepo. Usiku nchi kavu inapoa, upepo wa baharini unakufa, na jua linapochomoza, kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu au zaidi kidogo kutegemea mwezi, ghuba huwa imelala. Kufikia saa nne upepo umeshaamka. Kusi la katikati ya mwaka ndilo lenye hasira zaidi, na linapochelewa kutulia usiku hatutoki kabisa. Kaskazi la kuanzia Desemba nalo lina siku zake. Katikati yake, maleleji, ndipo tunapata asubuhi nzuri kuliko zote, ingawa masika huja na ngurumo, na ngurumo ikisikika boti hazishushwi.

Ratiba inabadilika kwa sababu ya maji kupwa na kujaa, na hapa wanafunzi kutoka bara huhitaji muda kuelewa. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati hizo zinasogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa hapa Dar inapita mita 3. Siku hizo maji huwa yamejaa usiku wa manane kuelekea alfajiri, tunapotoka yanashuka, na saa nne hivi mwamba na nyasi za bahari vimeshabaki wazi. Ukichelewa kurudi utaibeba boti begani juu ya mawe yenye ncha kwa umbali utakaoukumbuka. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo na tunaweza kukaa majini kwa muda mrefu zaidi.

Jedwali la maji tunalibandika kila Jumapili jioni. Usiulize kwenye kundi la WhatsApp "kesho saa ngapi?" wakati limebandikwa juu hapo hapo.

Nafikaje ufukweni saa kumi na moja na nusu alfajiri?

Daladala za saa hizo zipo kwenye barabara kubwa ila si za kutegemea hadi mlangoni. Wengi wetu tunaungana watatu au wanne kwenye bajaji moja. Wasichana hawapandi bodaboda peke yao gizani. Nahodha wa zamu hupanga nani anapita kumchukua nani. Kama unakaa Mbagala au Gongo la Mboto na huna ndugu wa karibu wa kulala kwake, chukua mazoezi ya mashine ya jioni na uje majini Jumamosi.

Mazoezi yenyewe yanakuwaje?

Wiki za mwanzo ni mashine. Mashine nyingi za aina hii duniani hutengenezwa na Concept2 ya Vermont, Marekani, walioleta ya kwanza mwaka 1981: unavuta mnyororo, gurudumu lenye mapezi linazunguka na kupambana na hewa, na kioo kidogo kinakuonyesha muda ambao ungetumia kumaliza mita 500 kwa mwendo huo. Kioo hicho hakina huruma wala upendeleo.

Mvuto mmoja una sehemu nne. Unaanza umekunja magoti, mikono imenyooka, mwili umeinama mbele, na kasia linaingia majini. Miguu inasukuma. Miguu ikikaribia kunyooka mgongo unafunguka, na mikono inamalizia kwa kuleta mpini chini ya mbavu. Kisha unarudi kwa mpangilio wa kinyume: mikono, mwili, magoti, taratibu. Kosa la wageni ni kukunja mikono mapema, wakiwa na haraka ya kuvuta. Mikono ni kamba tu hapo mwanzo. Kosa la pili ni kurudi mbio. Boti inakwenda vizuri zaidi makasia yakiwa hewani, na ukirudi kwa pupa uzito wako unaipigia breki.

Sehemu kubwa ya mazoezi ni ya polepole kuliko unavyotarajia: saa moja au zaidi, mivuto 18 hadi 20 kwa dakika, ukiwa unaweza kuzungumza sentensi nzima. Mbio zenyewe huenda mivuto 32 hadi 40 kwa dakika, lakini mwili unaobeba kasi hiyo hujengwa kwa zile saa za kuchosha akili. Vijana wa gym huliona zoezi hili ni la wazee. Wiki ya sita hubadilisha maneno.

Muda gani kwenye mashine ni mzuri?

Jaribio la kawaida duniani ni mita 2,000. Wanaume wa kiwango cha kimataifa humaliza chini ya dakika 6 na wanawake chini ya dakika 7. Usijilinganishe nao mwezi wa kwanza. Dakika 8 kamili ni sawa na dakika 2 kwa kila mita 500, na mashine inaihesabu hiyo kuwa wati 203 hivi. Ukitaka dakika 7, yaani dakika 1 na sekunde 45 kwa kila mita 500, unahitaji wati 302, karibu nusu nzima juu ya ulizokuwa nazo. Ndiyo maana sekunde kumi za kwanza huja zenyewe na tano zinazofuata hukugharimu muhula.

Anayeanza mita 2,000 kama anafukuzwa hulipa kwenye mita ya 1,200. Kila mwaka tunawaambia, kila mwaka yupo anayetaka kujionea.

Timu inachaguliwaje?

Mashine inatoa namba, ila namba si boti. Baada ya majaribio tunashindanisha viti: boti mbili za watu wanne zinapambana, kisha tunabadilishana mtu mmoja mmoja na kupambana tena. Boti iliyokuwa nyuma ikija mbele, tunajua ni nani aliyeisogeza. Kuna watu wakubwa wenye muda mzuri wa mashine ambao boti inawakataa, na kuna wembamba ambao kila boti wanayoingia inakimbia. Hakuna jina la mkoa wala dini wala mwaka wa masomo kwenye karatasi ya matokeo.

Mimi ni mfupi na mwembamba. Nitafaa?

Urefu unasaidia, hatutakudanganya: mkono mrefu hutoa mvuto mrefu. Zamani Olimpiki ilikuwa na daraja la wepesi, yaani wenye uzito mdogo, na ndilo lililoipa Afrika Kusini dhahabu London 2012 kwenye boti ya watu wanne, akiwemo Sizwe Ndlovu, Mwafrika mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki kwenye makasia. Daraja hilo limeondolewa baada ya Paris 2024, na kwa maoni yetu watu wa nchi kama zetu wamepoteza mlango.

Lakini kwenye boti zenye nahodha, mtu mdogo ni lulu. Nahodha ndiye pekee anayetazama mbele. Anashika usukani, anahesabu mivuto, anamkemea anayelala. Kanuni za kimataifa zinataka awe na angalau kilo 55, na akipungua anabeba uzito wa kufidia. Kazi hii inataka akili ya haraka na sauti isiyotetemeka. Nahodha mwoga huwaambukiza wote.

Wasichana wanaruhusiwa? Vipi kuhusu hijabu na mfungo?

Nusu ya timu ni wasichana na wana boti zao. Wanawake waliingia makasia ya Olimpiki Montreal 1976, wakapewa mita 1,000 tu, na hadi Seoul 1988 ndipo wakapewa 2,000 kama wanaume. Oxford na Cambridge, walioanza kupambana mwaka 1829, waliwaleta wanawake kwenye njia ile ile ya Mto Thames inayotumiwa na wanaume mwaka 2015. Hatuoni sababu ya kusubiri hivyo.

Mavazi: suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu huvaliwa na wengi, hata wasio Waislamu, kwa sababu ya jua. Hijabu ya michezo inayokaa vizuri kichwani haina tatizo. Nguo pana inayoning'inia ndiyo hatari, maana hunaswa na magurudumu ya kiti. Hilo linawahusu pia wavulana wa kaptura za basketi.

Mwezi wa Ramadhani wanaofunga hawatoki majini alfajiri kufanya mazoezi mazito. Wanafanya nusu saa nyepesi kabla ya futari au mashine baada ya tarawehe, na hakuna jaribio la mita 2,000 linalopangwa mwezi huo kwa mtu yeyote.

Mikono inaharibika?

Ndiyo. Malengelenge wiki ya kwanza na ya pili, kisha sugu. Osha kwa sabuni na maji safi, usiyachune, usivae glavu kwa sababu zinakunyima kuhisi mpini. Jeraha lililo wazi halikai na maji ya bahari. Sema, utapewa kazi ya nchi kavu. Mgongo ndio tunaouogopa zaidi. Ukisikia maumivu chini ya kiuno acha siku hiyo hiyo, usijikaze kisabuni.

Boti ikipinduka je?

Itapinduka siku moja, hasa ya mtu mmoja. Kanuni ni moja: baki na boti. Boti haizami, inaelea hata ikiwa juu chini, na kichwa cha binadamu kwenye mawimbi hakionekani mbali lakini boti inaonekana. Usiamue kuogelea kwenda nchi kavu inayoonekana karibu. Zoezi la kupindua na kupanda tena tunalifanya kwa makusudi, kwenye maji ya kifuani, kabla hujaruhusiwa kwenda mbali.

Kila zamu ina boti ya injini inayoifuata, yenye jaketi okozi kwa kila mtu aliye majini, kamba, filimbi na redio. Wageni huvaa jaketi muda wote. Injini ikigoma kuwaka, zamu imevunjika, hata kama bahari inang'aa na mmeamka saa kumi. Tumelaumiwa sana kwa hili na tutaendelea kulaumiwa.

Kuna na lile la kasia kunaswa na maji. Umelitoa kwa pembe mbaya, maji yamelikamata, mpini unakurudia kifuani kwa nguvu ya boti nzima. Lala nyuma, uache upite juu yako. Usishindane nao.

Wavuvi na meli hawawasumbui?

Sisi ndio tunaoweza kuwasumbua. Wavuvi wa Msasani na Kunduchi walikuwepo na wanatafuta riziki. Tunapita mbali na nyavu na madema, tunasalimia, tunapunguza mwendo. Mpiga makasia hatazami aendako, hivyo aliye omo hugeuza shingo kila mivuto michache, na nahodha akiwepo ni jukumu lake. Tumejifunza mengi kutoka kwa wazee wa ufukweni kuhusu mikondo ya ghuba hii. Ukikutana nao shikamoo kwanza, maswali baadaye.

Mlango wa bandari hatuuingii kabisa. Pale kati ya Magogoni na Kigamboni pana pantoni, meli za mizigo, boti za Zanzibar na mkondo mkali kwenye njia nyembamba. Meli kubwa haiwezi kukukwepa wala kusimama ghafla. Na baada ya mvua kubwa hatusogei upande wa Salender, kwa sababu Mto Msimbazi hushusha kila kilichokuwa mitaani.

Sapu je? Nimekuja kusoma.

Na sisi tumekuja kusoma. Wiki za mitihani ratiba inakuwa ya hiari. Mwenye sapu anapumzika hadi aifute, si adhabu, ni hesabu ya saa tu. Kinachowaangusha watu ni kulala saa saba usiku na kuamka saa kumi. Ukikubali kulala saa tatu na nusu, utashangaa vipindi vya saa mbili asubuhi vilivyo vyepesi ukiwa umeshaamka zamani. Asiyeweza kuacha stori za usiku za hosteli atachagua, na mara nyingi huchagua stori. Hatumnunii.

Ni gharama kiasi gani?

Boti na makasia ni vya timu, hununui. Mchango wa muhula unatangazwa kwenye mkutano wa kwanza na unalipwa baada ya bumu (fedha za mkopo wa wanafunzi) kuingia, kwa awamu ukitaka. Kinachokugharimu kila wiki ni nauli na chakula. Njaa ya makasia haina adabu. Uji wa lishe, ndizi, chapati, maharage, wali na samaki vinatosha sana. Makopo ya unga wa misuli yanayouzwa mitandaoni achana nayo: mengine yana vitu vilivyopigwa marufuku michezoni, na "sikujua" haikubaliki kama utetezi.

Makasia yanaweza kunipatia ufadhili wa kusoma nje?

Yanaweza, hasa kwa wasichana wanaotazama Marekani. Huko mchezo huu ni mzizi wa michezo ya vyuo: Harvard na Yale walipambana mwaka 1852 kwenye Ziwa Winnipesaukee, na hayo ndiyo mashindano ya kwanza ya michezo kati ya vyuo nchini humo. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo huko, ina ubingwa wa wanawake tangu 1997, na vyuo vingi hutoa ufadhili kwa wapiga makasia wa kike. Wanaume hawamo NCAA. Ubingwa wao ni wa IRA, chama cha makasia ya vyuo, ulioanza 1895, na fedha zao ni chache zaidi.

Jihadhari na mambo mawili. Vyuo vya Ivy League kama Princeton, Harvard na Yale havitoi ufadhili wa michezo; vinatoa msaada kwa kuangalia uwezo wa familia, na hapo alama zako za darasani ndizo zinazofungua mlango. Oxford na Cambridge nao hupokea kwa masomo. La pili, kocha wa chuo huandikiwa bure kupitia barua pepe iliyo kwenye tovuti ya chuo. Atataka urefu wako, muda wa mita 2,000, video fupi na matokeo yako ya shule. Wakala anayekudai fedha ili "akuunganishe", mkimbie.

Nina ulemavu. Kuna nafasi?

Ipo. Makasia yaliingia Paralimpiki Beijing 2008, yakiwa na madaraja kulingana na sehemu za mwili zinazotumika: wanaotumia mikono na mabega, wanaotumia na kiwiliwili, na wanaotumia miguu pia. Kutoka pwani yetu hii hii, Asiya Mohamed Sururu wa Mombasa, aliyepoteza miguu na baadhi ya vidole akiwa mtoto kwenye ajali ya treni, alishindana Tokyo kwa niaba ya Kenya, boti ya mtu mmoja. Njoo tuzungumze kuhusu kiti, mikanda na namna ya kufika kwenye maji. Mchanga wa ufukweni ni mgumu kwa kiti cha magurudumu na bado hatujapata suluhisho zuri zaidi ya kubebana, kwa hiyo tuambie mapema uwe na watu wa kukupokea.

Mimi ni mzazi. Mwanangu ameniambia anaamka saa kumi kwenda baharini. Nifanye nini?

Shikamoo mzazi wetu. Anasema kweli, na wasiwasi wako ni wa haki. Mwombe namba ya kiongozi wa timu, piga, utajibiwa. Unakaribishwa Jumamosi yoyote ufukweni uone boti ya uokoaji na orodha ya waliotoka na waliorudi, inayosainiwa kila siku. Aliye chini ya miaka 18 haingii majini bila saini yako.

Siku ya kwanza nije na nini?

Fulana ya mikono mirefu, suruali ya kubana au kaptura ya kubana, ndala, kofia, lita moja na nusu ya maji, nguo kavu kwenye mfuko wa plastiki na ndizi mbili. Miwani ya macho ifungwe kamba. Pete, heleni ndefu na kucha ndefu viache hosteli. Kama una pumu njoo na dawa yako na umwambie nahodha wa zamu, hata kama haijakusumbua tangu kidato cha pili. Ukichelewa usitupigie, maana simu zote hubaki ufukweni kwenye begi moja. Kaa kivulini utusubiri, tukirudi utasaidia kuosha boti kwa maji baridi, na kesho yake utaanza.